Sikio au kidole: shajara ya mradi wa kupima lakteti Eldoret

Juni, wiki ya kwanza

Swali la mradi limeandikwa juu ya ubao kwa kalamu nyekundu, na wanaosafisha chumba wameombwa wasilifute: damu ya kupimia lakteti tuitoe sehemu gani ya mwili?

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kujua tunafanya nini: tunapima lakteti, kitu ambacho misuli humwaga kwenye damu ikifanya kazi kwa nguvu, kwa wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu hapa Eldoret, kwenye tredmili. Kasi inapanda kwa hatua, kilomita moja kwa saa kila hatua. Hatua ikiisha, mkimbiaji anatua miguu kando ya mkanda kwa nusu dakika hivi, anatolewa tone la damu, kisha anaendelea. Mwisho tunapata nukta kadhaa kwenye grafu, kasi kwa chini, lakteti kwa kando. Mstari huanza ukiwa umelala, baadaye hujikunja, halafu hupanda kwa nguvu. Kocha anapataka pale unapojikunja. Damu yenyewe haimshughulishi. Anataka kuambiwa mkimbiaji wake afanye mazoezi ya kizingiti, yaani ya kasi ya pale mstari unapojikunja, kwa dakika ngapi na sekunde ngapi kwa kilomita.

Mezani kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni ncha ya kidole, ambayo kila aliyewahi kupimwa malaria anaijua. Ya pili ni ndewe ya sikio, ambayo maabara za michezo za Ulaya, hasa za Ujerumani, zimeitumia kwa miongo mingi. Ya tatu ni vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya kiwikoni. Hiyo mtaalamu wetu wa maabara ameitetea tangu kikao cha kwanza, na hoja yake si mbaya: damu inakuwa nyingi, inatosha kupimwa tena kukiwa na shaka, na hakuna daktari atakayeibishia.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kipo, cha kamati ya maadili kipo, fomu za ridhaa zimechapishwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa damu ya kidole na sikio tuna mashine ya mkononi, Lactate Pro 2, inayotosheka na mikrolita 0.3 za damu na kujibu kwa sekunde 15. Kwa damu ya vena tutategemea mashine kubwa ya maabara inayopima plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe zake.

Swali la kwanza la wakimbiaji halikuwa la sayansi hata kidogo. Waliuliza kama damu hii inapelekwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa za kusisimua misuli. Nawaelewa; kwa mwanariadha wa Kenya wa leo, mtu aliyevaa glavu na kushika sindano huja kwa jambo moja tu. Tumeongeza sentensi kwenye fomu: tone hili linaishia kwenye stripu (kipande chembamba cha kupimia), na stripu inaishia kwenye ndoo ya taka za hospitali. Maswali yamepungua, ingawa kuna kijana mmoja ambaye bado huifuata stripu yake kwa macho mpaka itupwe.

Juni, wiki ya pili: hoja ya vena

Nimekuwa nikisoma ili nimjibu mtaalamu wa maabara kwa uzito anaostahili. Amefanya kazi ya damu tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

Msuli unapovunja sukari kwa haraka hutengeneza piruveti, na sehemu ya piruveti hiyo hugeuzwa kuwa lakteti. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 kwa lita (1 mmol/L) katika damu. Shuleni tuliambiwa kwamba ni taka, na hadi leo nasikia makocha wakisema "asidi imejaa miguuni". Kuanzia miaka ya 1980 George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijenga hoja tofauti: lakteti ni fueli inayosafirishwa. Hutoka kwenye nyuzi za msuli zinazoizalisha, ikaenda kuchomwa kwenye nyuzi nyingine, ikaenda moyoni, ikaenda kwenye ini na kugeuzwa tena kuwa sukari.

Ukikubali kwamba inasafiri, huna budi kukubali kwamba haiwezi kuwa sawa kila mahali kwa wakati mmoja. Miguu ya mkimbiaji inaimwaga kwenye damu. Damu hiyo inarudi moyoni, inachanganyika na ya mwili mzima, inapita mapafuni na kutoka kupitia ateri, mishipa inayopeleka damu mwilini. Hadi hapo hakuna ugomvi: ateri ya mkononi na ya mguuni zinabeba kiwango kilekile. Mambo yanabadilika baada ya ateri. Damu ikiingia mkononi mwa mtu anayekimbia, inakuta misuli isiyo na kazi kubwa, na misuli hiyo inabakiza sehemu ya lakteti. Kinachotoka upande wa pili, kwenye vena ya kiwiko, ni damu iliyokwisha kutozwa ushuru njiani.

Ndiyo sababu mtu akikimbia au akiendesha baiskeli, vena ya kiwiko husoma chini ya ateri, na pengo huwa kubwa zaidi wakati lakteti inapanda haraka. Yaani pengo linapanuka palepale kwenye hatua tunazozihitaji. Mazoezi yakiisha, pengo hupungua taratibu. Na akija mtu anayefanya kazi kwa mikono, mpiga makasia kwa mfano, kiwiko kilekile kinageuka: vena sasa inatoka kwenye msuli unaozalisha, nayo inaweza kusoma juu ya ateri. Hakuna namba moja ya kurekebishia itakayofaa hali zote mbili.

"Kwa hiyo damu yangu ni mbaya," mzee wa maabara alisema.

"Damu yako ni safi, mzee. Ila inanieleza habari za mkono, na mimi nauliza habari za miguu."

Alicheka, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: basi kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye ateri? Kisayansi yuko sahihi. Ateri ndiyo kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho. Lakini kuweka mrija kwenye ateri ya kifundo cha mkono ni kazi ya daktari, kuna maumivu, kuna hatari ya kuvuja damu, na siwezi kuishawishi kamati ya maadili kwamba kijana mzima wa afya afanyiwe hivyo ili kocha wake ajue kasi ya mazoezi ya Jumanne. Hospitali zina njia ya katikati: mkono hupashwa joto mpaka damu ipite haraka kiasi kwamba vena ya mgongo wa kiganja inakaribia kufanana na ateri. Juu ya tredmili hilo halifanyiki. Kapilari (mishipa myembamba kabisa) za kidole na sikio zinatumia ujanja uleule kwa gharama ndogo: ngozi ikiwa na joto na damu ikipita kwa wingi, tone linalotoka huwa karibu na la ateri.

Vena imeondolewa kwenye orodha. Kuna sababu ya pili ambayo ni ya kawaida kabisa: hakuna anayetaka kukimbia kilomita 19 kwa saa na mrija umefungwa kiwikoni, na kumchoma vena upya kila hatua hakuwezekani.

Juni, mwisho: vidole vya baridi

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Iten, wanakotoka wengi wa wakimbiaji wetu, takriban mita 2,400. Juni hadi Agosti asubuhi ni za baridi. Mkimbiaji anafika saa moja asubuhi kwa pikipiki, mikono mitupu, na ukimshika kidole unajua kabisa kwamba hutapata damu. Unachoma, hakuna kitu. Muuguzi anaanza kukamua.

Huko kukamua ndiko tunakopigana nako. Mishipa midogo ya ngozi imejifunga kwa ajili ya baridi, damu iliyopo imesimama pale muda mrefu na haina habari mpya za miguu. Ukikamua kwa nguvu unavuta pia maji ya tishu na kupasua chembe nyekundu, na tone unalolipata ni mchanganyiko usiopatikana ndani ya mshipa wowote. Mashine itasoma tu. Haina njia ya kukuambia kwamba imelishwa uchafu.

Tumeweka beseni la maji ya moto kidogo, nyuzi 40 hivi, mkono unakaa humo dakika kadhaa kabla ya kuanza, halafu unakaushwa vizuri. Muuguzi wetu ameleta kanuni zake kutoka wodini na zote tumezichukua: kidole cha kati au cha pete, uchome pembeni mwa ncha na usichome katikati, mkono ushuke chini ya usawa wa moyo, ukandamize mara moja taratibu na kuachia. Ameongeza ya kwake isiyo kwenye kitabu, kwamba kila mkimbiaji atumiwe ujumbe usiku aje amevaa glavu. Imesaidia kuliko beseni.

Julai, mwanzo: jasho

Nilijua kuhusu jasho, lakini sikujua kwamba litatuchosha hivi.

Jasho lina lakteti nyingi kuliko damu. Mara nyingi huzidi 10 mmol/L, na laweza kupita hapo kwa mbali. Sasa fikiria tone tunalolihitaji lilivyo dogo. Tuseme damu ya mkimbiaji ina 2.0, jasho lake lina 20, na sehemu moja ya kumi ya tone ni jasho. Hesabu ni nyepesi: 0.9 mara 2.0 ni 1.8, jumlisha 0.1 mara 20 ambayo ni 2.0, unapata 3.8. Mtu anayekimbia kwa starehe anaandikwa kwamba yuko kwenye kizingiti. Kocha atamrudisha nyuma wiki nzima kwa sababu ya unyevu wa kidoleni.

Tulijaribu kwa makusudi kwa mkono wangu. Nilivaa glavu za plastiki nikiwa nimekaa mbele ya kipasha joto mpaka vidole vikaloa, nikachomwa bila kufutwa, kisha nikafutwa vizuri na kuchomwa kidole cha pili. Kwa mujibu wa tone la kwanza nilikuwa mkimbiaji. Kwa mujibu wa la pili nilikuwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Ncha za vidole zina vitezi vya jasho vingi mno, na mtu akishapata joto, unyevu hurudi sekunde chache baada ya kufuta. Kwa hiyo mpangilio wa nusu dakika ile umeandikwa neno kwa neno na kubandikwa mbele ya tredmili: kausha kwa taulo, futa kwa spiriti, acha spiriti ipotee yenyewe, choma, ondoa tone la kwanza kwa gozi kavu (kitambaa chepesi cha hospitali), gusisha stripu kwenye la pili bila kugusa ngozi. Kinachorukwa na wengi ni kuacha spiriti ikauke. Ikibaki, tone halikai kama tone, linatambaa juu ya ngozi na kuokota kila kilichopo.

Wenzetu wanaopima wapiga makasia wana shida hii mara mbili, kwa kuwa mikono yao inafanya kazi na inatoa jasho, na haiwezi kuachia kasia. Ndiyo maana kuna waliojaribu hata kidole cha mguu. Ulinganisho wa kidole cha mguu, sikio na kidole cha mkono kwa wapiga makasia ulichapishwa katika British Journal of Sports Medicine mwaka 2000. Wakimbiaji wetu nikiwatajia kidole cha mguu walinitazama tu. Mguu ni mtaji.

Julai, katikati: sikio

Ndewe haina msuli wa kuzungumzia. Haishiki usukani, haikunji ngumi, haibadiliki kwa kuwa mtu ameamua kubana mikono akichoka. Ikisuguliwa au kupashwa joto, damu hupita kwa wingi na tone huwa karibu na la ateri. Wajerumani hupaka mafuta ya kuchangamsha damu dakika kadhaa kabla; sisi tunatumia kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, kisha tunasugua. Mkimbiaji haoni sindano, na wengi wanasema inauma kidogo kuliko kidole. Tobo moja likifutwa vizuri linaweza kutoa tone hatua inayofuata bila kuchoma tena. Kwa mtu atakayechomwa mara sita au saba asubuhi moja, hilo si jambo dogo.

Matatizo yapo. Kichwa cha mtu anayekimbia hakitulii, kwa hiyo lazima asimame. Kwenye baiskeli ya maabara hakuna haja hiyo. Jasho la kichwani huteremka nyuma ya sikio, na usipofuta kuanzia juu, litakufikia wakati umeshika stripu. Hatari inayonitisha zaidi ni ya mchomaji: ndewe ni nyembamba, na ukiishika kwa kidole upande wa nyuma huku ukichoma kwa mbele, lanseti, kile kisindano cha kuchomea, inaweza kupita na kukufikia. Muuguzi amekataza kabisa. Nyuma ya ndewe huwekwa gozi lililokunjwa mara nyingi, na vidole vinashika pembeni.

Hereni zinatolewa, na tunachoma mbali na tundu. Kocha mkuu, ambaye babu yake alikuwa na ndewe zilizotobolewa na kuvutwa mpaka zikaning'inia kama ilivyokuwa desturi ya Wakalenjin wa zamani, alisema babu angetushinda. Hatungejua pa kuanzia.

Matokeo sasa. Tumekuwa tukichukua tone la kidole na la sikio kwa wakati mmoja, watu wawili wakifanya kazi pande mbili za mkimbiaji. Machapisho kadhaa, likiwemo la Feliu na wenzake la 1999, yameonyesha kwamba kidole husoma juu ya sikio katika kasi zisizo za juu kabisa. Sisi tunaona mwelekeo huohuo: kidole juu, sikio chini. Haitokei kila hatua, wala kwa kila mtu. Kuna dada mmoja ambaye pande zake mbili zinafuatana kabisa, na kuna kijana ambaye kidole chake hupanda kabla ya sikio kila tunapompima. Sitaandika wastani hapa. Wakimbiaji ni wachache, nukta zimetawanyika, na namba ikishaandikwa mtu ataitumia kama fomula ya kubadilisha kidole kuwa sikio. Fomula hiyo siiamini.

Julai, mwisho: kocha anauliza pengo lina maana gani

Kocha alikuja na daftari. Alitaka jambo moja: pengo la sehemu chache za kumi lina maana gani barabarani? Nilimfanyia hesabu kwa mkimbiaji wa kubuni, na nainakili kwa kuwa imetusaidia wote.

Mkimbiaji huyu, kwa damu ya kidole, ana 1.5 akiwa kilomita 15 kwa saa, 1.9 akiwa 16, 2.4 akiwa 17, 3.2 akiwa 18 na 4.6 akiwa 19. Sikio lake tuseme linasoma 0.4 chini kila hatua.

Ukitafuta 4 mmol/L kwa kidole, unaipata karibu kilomita 18.6 kwa saa, yaani dakika 3 na sekunde 14 kwa kilomita. Kwa sikio unaipata karibu 18.9, dakika 3 na sekunde 11. Sekunde tatu kwa kilomita. Kocha alisema hizo anaweza kuishi nazo, ingawa kwa kilomita 10 tayari ni nusu dakika.

Halafu tukatafuta 2 mmol/L, kiwango ambacho makocha wengi hukitumia kuweka mpaka wa mbio za wepesi. Kwa kidole ni kilomita 16.2 kwa saa, dakika 3 na sekunde 42. Kwa sikio ni 17.0, dakika 3 na sekunde 32. Sekunde kumi kwa kilomita, kwa mtu yuleyule, asubuhi ileile, kwa pengo lilelile la 0.4.

Sababu ni umbo la mstari. Juu umesimama, kwa hiyo kuushusha kidogo hakusogezi kasi sana. Chini umelala, na kuushusha kidogo kunalisukuma jibu mbali. Huko chini ndiko pia mashine ya mkononi inakoweza kukosea kwa sehemu chache za kumi bila mtu kushtuka. Mimi nilikuwa nimeizoea tahadhari ya kawaida kwamba tofauti za sehemu ya mwili ni jambo la kuangalia kwenye mazoezi makali. Kwa mipango ya kocha huyu, ambaye wakimbiaji wake hutumia muda mwingi wakikimbia polepole, ni kinyume chake.

Hapo akauliza ile 4 ilitoka wapi. Swali la haki. Alois Mader na wenzake waliipendekeza mwaka 1976, katika mapokeo ya maabara za Cologne, Ujerumani, yaliyozoea damu ya ndewe. Mwaka 1985 Hermann Heck na wenzake walipima kiwango cha juu kabisa ambacho lakteti inaweza kukaa bila kuendelea kupanda, wakapata wastani wa 4.02 mmol/L kwa wakimbiaji wao. Watu hukumbuka wastani tu. Mtu wa chini katika kundi lile alikuwa na 3.05 na wa juu 5.52. Na Ralph Beneke na Serge von Duvillard mwaka 1996 walionyesha kwamba kiwango hicho hubadilika pia kwa aina ya mchezo: takriban 3.1 kwa wapiga makasia, 5.4 kwa waendesha baiskeli, 6.6 kwa wanaoteleza kwa kasi kwenye barafu. Ukichukua namba iliyozaliwa kwenye sikio la Mjerumani juu ya tredmili, ukaitafuta kwenye kidole cha Mkenya kilichotoka kwenye pikipiki, umebadilisha vitu vitatu kwa pamoja na kuita jibu "kizingiti".

Vijana wetu wamezidi kulichochea hili. Wameona video za Wanorwe wakichomwa damu kati ya vipande vya mazoezi, wamezishika namba, na sasa wanataka kukimbia kwa namba. Hakuna aliyeuliza ilichomwa sehemu gani.

Kuna njia ya kupunguza madhara: badala ya kutafuta namba isiyobadilika, unachukua kiwango cha chini cha mkimbiaji mwenyewe na kuongeza 1.5. Tuseme kwa mfano wetu wa kubuni kidole kina msingi wa 1.3 na sikio 0.9. Unatafuta 2.8 kwenye kidole na 2.4 kwenye sikio, na vyote viwili vinakupa kilomita 17.5 kwa saa. Pengo limejifuta. Lakini limejifuta kwa sababu nililifanya liwe 0.4 kila hatua. Kwa yule kijana ambaye kidole chake hutangulia kupanda, halijifuti. Nimeiweka njia hii kwenye ripoti kando ya ile ya zamani.

Agosti, mwanzo: damu nzima na plazma

Mzee wa maabara amerudi na ushindi mdogo. Alichukua damu ya vena ya mkimbiaji aliyepumzika, akaipima nzima na kisha plazma yake, na namba hazikulingana. Hazitakiwi kulingana. Chembe nyekundu zina lakteti kidogo kuliko plazma inayozizunguka. Tukichukulia kwamba zina nusu, plazma ikiwa na 5.0 na chembe zikiwa asilimia 45 ya damu, damu nzima inasoma takriban 3.9. Kwa mtu wa nyanda za juu mwenye asilimia 50, inasoma takriban 3.75. Tofauti ya mwinuko ni ndogo; tofauti ya plazma na damu nzima ni kubwa kuliko pengo lote la kidole na sikio ambalo tumekuwa tukiligombania tangu Juni.

Mashine nyingine huonyesha damu nzima, nyingine hugeuza na kuonyesha plazma, na zote huandika mmol/L. Ripoti yetu sasa inataja aina ya damu karibu na sehemu ilikotoka.

Ametukumbusha pia jambo ambalo sisi wa stripu hulisahau. Damu iliyo ndani ya chupa haijatulia. Chembe nyekundu hazina mitokondria, zinaishi kwa kuvunja sukari tu, na zinaendelea kutoa lakteti mezani wakati wewe unatafuta kalamu. Chupa zenye kifuniko cha kijivu, zilizotiwa floridi, huzuia hilo, na barafu huzipunguzia chembe kasi wakati floridi haijaanza kazi vizuri. Stripu hupima papo hapo, kwa hiyo tatizo hili halituhusu, mradi asitokee mtu wa kuweka tone pembeni "kwa sababu mashine bado inasoma la mwenzake". Mashine ya pili imeombwa.

Agosti, katikati: tulipofikia

Sikio ndilo chaguo letu la kawaida, kwa wakimbiaji na kwa waendesha baiskeli watakaofuata. Sijalichagua kwa kuwa linasema kweli kuliko kidole. Limepita kwa sababu mikono ya watu wetu hufika na baridi, hutoa jasho mapema, na kwenye baiskeli hubana usukani. Sikio lina visingizio vichache zaidi.

Kidole kinabaki kama akiba: ndewe ikiwa na kidonda, au mtu akikataa. Akianza na kidole, anamaliza na kidole, na kipimo chake kijacho kinakuwa cha kidole vilevile. Kubadilisha katikati ya kipimo ni marufuku hata kama damu imegoma; afadhali nukta moja ikosekane. Vipimo vya zamani vilivyofanywa kwa kidole havitaunganishwa kwenye grafu moja na vipya. Kocha hakulipenda hili, maana ana mkimbiaji ambaye mwaka jana alionekana dhaifu na sasa anaonekana ameimarika, na angependa kuamini kwamba ni mazoezi. Huenda ni mazoezi. Tutampima huyo pande zote mbili kabla sijasema neno.

Fomu mpya ina nafasi za sehemu, upande wa kushoto au kulia, namna ilivyopashwa joto, aina ya damu, namba ya pakiti ya stripu, na muda kamili kutoka mkanda kusimama hadi tone kugusa stripu. Muuguzi anaona hii ya mwisho imezidi. Nimeiacha.

Waendesha baiskeli wanaanza wiki ijayo, sikio na kidole kwa pamoja tena, kwa kuwa usukani unabadilisha habari za mkono na sitaki kukisia. Pakiti mbili za stripu zinakwisha muda Septemba. Hizo zitatumika kwanza. Glavu za ziada za ukubwa mdogo hazijafika.